Malalo ya Paa

Kilima chenyewe hakikuwa kilima. Kilikuwa udongo na mawe yaliyochimbwa kwenye misingi ya majengo ya Lusail, mji mpya wa Qatar. Malori yakaleta na kumwaga kwenye shamba la kafili wetu, mbele kidogo ya barabara ya kaskazini, mpaka kikapatikana kitu kirefu kuliko nyumba ya ghorofa. Mashine ikakichonga mabega, ikapandwa mikunazi na migunga, mabomba ya maji ya matone yakazungushwa kwenye mashina. Nilipofika kuajiriwa udereva, miti ilikuwa imeshanipita urefu. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Asubuhi ya kwanza niliegesha pikapu chini ya ule mteremko nikakaa nikiutazama tu, kwa sababu tangu nishuke uwanja wa ndege sikuwa nimeona ardhi iliyoinuka.

Kafili, yaani bwana ambaye vibali vyetu vya kuishi viko kwenye jina lake, alikitaka kile kilima kwa ajili ya swala. Alikuwa nao sita, wale wa jangwani wenye rangi ya mchanga na tumbo jeupe. Alitaka alasiri, akikaa na wageni wake kwenye majlisi, ukumbi wake wa wageni, awaone wamelala kilimani chini ya miti. Swala hawakutaka. Mchana kutwa walilala chini kabisa, wamejibana kwenye uzio karibu na ukuta wa pampu, mahali pachafu pasipo na mti. Kitu chochote kikiwashtua, walikimbilia uzio. Mwezi wa tatu mmoja aliugonga akavunjika shingo. Wakabaki watano, na mmoja wa hao alikuwa na mimba.

Mtunzaji wao alikuwa mzee wa Unguja, kusini kule kwenye misitu ya mawe. Yeye hakuwaita swala. Aliwaita paa, kama wanavyowaita wale wadogo wa kwao, nami nikazoea. Alilala kwenye chumba kilichopakana na zizi la mabati, akiwafungia ndani usiku kwa sababu ya mbwa wanaorandaranda, na kuwafungulia baada ya sala ya alfajiri. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari ndani ya kibanda cha askari, lakini hakuna aliyeugusa isipokuwa yeye.

Askari wa getini alikuwa Mkenya, mtu wa Kitui, mwenye miaka thelathini na kitu, mcheshi, na mwenye nguvu za kubeba gunia la chakula cha mifugo kwa bega moja. Wao wawili walitaniana kutwa.

"Mzae, hizi mbuzi zako zimeamkaje?"

"Zimeamkaje! Nyie watu mmesomea wapi? Mbuzi zimeamka, watu zimekuja. Kila kitu zi, zi, zi, kama nyuki."

"Si umeelewa lakini?"

"Nimeelewa. Ndiyo msiba wenyewe huo."

Joto lilipoanza kukaza, kafili alikuja kwenye zizi asubuhi moja, akasimama na funguo za gari mkononi. Alizungumza kwa upole. Alisema binamu yake ana shamba kubwa zaidi na amewaomba wale wanyama. Ijumaa ya wiki inayofuata angekuja na lori. Kama siku hiyo wangekuwa wamelala kilimani, wangebaki. Kama wangekuwa bado wamejibana uzioni, waende, maana hakutaka kumwona mwingine akivunjika shingo.

Hakusema mzee atakuwaje. Hakukuwa na haja. Kibali cha mzee kiliandikwa mtunza wanyama, na shambani hapakuwa na wanyama wengine. Kwa umri wake, hakuna ambaye angekubali kumhamishia kwake. Mzee aliitika kwa Kiarabu, akaingia zizini, akaanza kufagia mahali alipokuwa ameshafagia.

Siku ile ile tulianza kazi. Mimi nilikuwa nimewatazama sana wale wanyama nikiwa kwenye pikapu, kwa kuwa kazi ya dereva nusu yake ni kungoja. Niliona kwamba swala hafuati kivuli peke yake. Kabla ya kulala hugeuka, huparua chini kwa ukwato, kisha hulala akiwa na kitu mgongoni na uwazi mbele. Uzioni walikuwa na ukuta wa pampu nyuma yao, na mbele waliliona shamba zima. Kilimani palikuwa na mteremko mtupu. Mnyama gani atalala mahali ambapo atabingirika?

Nikamwambia mzee kwamba kwetu mlimani mtu akitaka mahindi yasisombwe na mvua hukata ngazi. Tukakata ngazi. Hatukwenda juu kileleni ambako wangeonekana dhidi ya anga, wala chini. Tulichagua chini kidogo ya kilele, upande wa kusini, ili kilima chenyewe kizuie upepo wa kaskazini. Kila ngazi ilikuwa pana kiasi cha mkeka, tukaisawazisha kwa reki, tukaondoa mawe yenye ncha. Nyuma ya kila moja tukaviringisha jiwe kubwa au gogo. Mzee aliziita malalo, na jina likabaki.

Halafu tukaingia kwenye miti. Matawi ya chini yaliyoziba macho tuliyapunguza. Mikunazi michache upande wa bondeni mzee aliikata kwa msumeno mpaka katikati ya shina, akaisukuma taratibu ilale bila kukatika. Gome la upande mmoja likabaki limeshika, majani yakabaki mabichi, na pakawa na kitu kama pazia linalofika magotini, ambalo mnyama aliyelala nyuma yake anakuona nawe humwoni. Aliacha njia mbili kwenye kila malalo, ya kuja na ya kukimbilia.

"Chumba chenye mlango mmoja ni kaburi," alisema. "Paa anajua hilo."

Mpaka hapo tulikubaliana. Tulipopingana ni kwenye neti. Mzee alihofia jua. Aliomba vipande vitatu vya neti nyeusi vilivyobaki kwenye kitalu cha miche, akavitandaza juu ya malalo kwa nguzo za chuma na kamba. Askari, ambaye alimsaidia kuchimbia nguzo, alisema sasa mbuzi zina nyumba na paa juu. Upepo ukivuma, zile neti zilinyanyuka na kushuka kwa kishindo, pu, pu, na kivuli kilitembea ardhini kama kitu hai.

Nilimwambia mzee nilichokiona siku tatu mfululizo. Swala walipanda mpaka nusu ya mteremko, wakasimama, wakainua vichwa kutazama zile neti, wakashuka.

"Watazoea," alisema.

"Babu, Ijumaa haiko mbali."

"Wewe unalala juani? Basi na yeye halali juani. Niachie."

Nikamwachia.

Alhamisi jioni alikwenda mjini, mtaa wa Najma. Mtu wa kijijini kwao alikuwa amefariki huko nyumbani, na watu wa Unguja walioko Doha walikusanyika kwenye chumba cha mmoja wao kumsomea hitima. Tulipanga nikamchukue kabla ya jua kuchomoza. Aliwafungia wanyama mapema, akaondoka na kanzu yake kwenye mfuko wa plastiki.

Asubuhi ile nyumba kubwa ya kafili ilinishika. Nilitumwa huku na huku, kisha nikaambiwa niwapeleke dada wawili wa jikoni kanisani Mesaimeer, kama ilivyo kila Ijumaa, maana huku hiyo ndiyo siku ya mapumziko na ibada. Nilipofika Najma, maduka yalikuwa yamefunguliwa na jua limeshapanda juu ya matangi ya maji. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi za mgahawa mdogo, kikombe cha chai ya karaki kimepoa mkononi.

"Paa bado wako ndani," alisema kabla sijazima injini.

Alitoa simu, akaiweka mdomoni kama kipande cha muhogo, akamrekodia askari ujumbe wa sauti. Niliusikia kwa masikio yangu. "Yakhe, mimi nimechelewa, niko mjini. Nenda pale, toa paa, sasa hivi, jua lisije likawaka. Usinisubiri mimi."

Jibu lilikuja haraka, na upepo ulisikika nyuma yake. "Sawa mzae. Zote?"

Mzee alitikisa kichwa, akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Zote," alimjibu, akiigiza sauti ya mwenzake. "Zote, baba, zote."

Sikuona kasoro yoyote. Yeye pia hakuiona. Kwa kuwa moyo ulitulia, aliamua kusali Ijumaa pale pale mjini, maana wageni wasingefika kabla ya alasiri. Baada ya sala tukaondoka.

Barabarani upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza kweli. Vumbi lilivuka lami kwa mistari, na majengo ya Lusail yalionekana nusu, kama yamefutwa na kifutio kuanzia juu. Mzee alinitajia mambo ya kufanya tukifika: kuongeza maji kwenye birika la chini, kuwaambia watu wa bustani wasipite upande wa kusini. Alisema neti atazikaza kamba. Alizungumza mfululizo mpaka tulipokata kona ya shamba, akanyamaza katikati ya neno.

Kilima kilikuwa kitupu. Hapakuwa na neti wala nguzo. Palikuwa na miti tu na ngazi zetu za udongo.

Askari alitufungulia geti. Shati lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni, uso umejaa vumbi, na alikuwa anacheka.

"Nimemaliza. Zote. Nimezikunja poa, ziko nyuma ya kibanda. Na nguzo pia nimeng'oa, hukusema lakini nimeona zitakaa vibaya."

"Umetoa nini?" aliuliza mzee.

"Paa. Si ulisema nitoe paa? Nikakuuliza zote, ukasema zote."

"Paa wangu wako wapi?"

Askari alinitazama mimi, kana kwamba mzee amebadilisha lugha. Kisha macho yake yakaenda upande wa zizi, na kicheko kikamtoka usoni. Zizi liko nyuma ya pampu na kutoka getini halionekani. Baadaye alituambia kwamba alikuwa amesikia mabati yakigongwa tangu asubuhi, akadhani ni upepo, na hakukumbuka kwamba mwenye kufungua zizi alikuwa mjini.

Sikuwahi kumwona mzee akikimbia. Alikimbia amenyanyua kanzu kwa mkono mmoja. Askari aliurusha ufunguo, nikaudaka, nikamfuata.

Ndani ya zizi hewa ilikuwa kama ya tanuri la mkate. Birika lilikuwa limepigwa teke, limelala ubavu, na chini pakavu. Madume mawili yalikuwa yamesimama yamepanua miguu, midomo wazi. Majike mawili yalikuwa yamejikunyata kwenye kona. Yule mwenye mimba alikuwa chini, shingo imenyooka, ubavu unapanda na kushuka haraka mno.

Niliinua ndoo ili niingie nayo. Mzee alinishika kiwiko.

"Ukiingia atajigonga kwenye bati afe. Sukuma birika kwa mguu, mimina, utoke. Usimtazame."

Nilifanya hivyo. Tukauacha mlango wazi, tukarudi nyuma mpaka ukutani, tukachuchumaa. Askari alikuja akasimama mbali, mikono kichwani.

"Mzee, mimi sikujua. Kwetu paa ni ya nyumba."

"Nyamaza."

"Kama ungesema swara ningejua."

"Na wewe kama ungesema wote, ningejua!" Alisema kwa mnong'ono. "Ungesema wote nisingelala usingizi mjini. Zote, zote. Mtu anawaua wanyama kwa zote."

Dume moja lilikunywa. Kisha jingine. Yule wa chini alisikia maji, akainua kichwa, akakaa kwa magoti, akanyanyuka kwa shida. Alikunywa muda mrefu. Mzee alikuwa anahema naye.

Wakati huo huo lori likaingia kwa geti tulilokuwa tumeliacha wazi.

Lilikuwa limetumwa mapema na binamu, na dereva wake, bila kujua habari zetu, alitafuta kivuli akaliegesha sambamba na uzio, karibu na ukuta wa pampu, mahali pale pale ambapo wale wanyama walilala kila siku. Hakuzima injini. Ngazi ya kupandishia mifugo ilikuwa imefungwa nyuma, inalialia.

Mzee hakuweza kwenda kumzuia bila kupita mbele ya mlango wa zizi. Tukabaki tumechuchumaa. Swala wakatoka mmoja mmoja, dume kubwa mbele. Wakauelekea uzio kama kawaida yao, wakaliona lori, wakasimama. Nilijua kitakachofuata: wakishtuka wangekimbia, na wakikimbia wangeugonga waya, na yule mwenye mimba hakuwa na nguvu za kukwepa kitu chochote.

Dume liligeuka. Upande mmoja palikuwa na lori, upande mwingine tulikuwa sisi. Mbele yake palikuwa na kilima. Lilianza kupanda, wengine nyuma, na yule jike mwisho kabisa, akisimama kila baada ya hatua chache. Walifika nusu ya mteremko, mahali walipozoea kurudia. Dume likainua kichwa kutazama juu.

Juu hapakuwa na kitu. Palikuwa na anga la vumbi na matawi.

Likapanda. Lilipita nyuma ya mikunazi iliyoinamishwa, likapotea, likaonekana tena kichwa tu. Dume la pili na majike mawili wakafuata. Yule mwenye mimba alisimama kwenye malalo ya pili, yale tuliyoyawekea jiwe la rangi ya kutu. Alizunguka. Akaparua chini kwa ukwato. Akazunguka tena. Nilihisi vidole vya mzee vikinibana mkono. Jike akapiga magoti ya mbele, akashusha kiuno, akalala, mgongo kwenye jiwe, uso bondeni. Huku chini upepo ulikuwa unaturushia mchanga machoni. Kule aliko, jani halikutikisika.

Zizi likiwa tupu sasa, mzee alikwenda kwa dereva wa lori akizunguka mbali nyuma ya ukuta, akamwomba azime injini. Kisha akarudi akachuchumaa pale pale. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Kafili alifika na binamu yake na wageni. Viti vilikuwa vimeshapangwa kwenye baraza ya majlisi. Alitazama uzioni kwanza, akaona lori peke yake. Akainua macho. Akamwonyesha binamu yake kwa kidole, kisha wote wakaanza kushuka barazani, kanzu zao zikipigwa na upepo, kwenda kilimani kuwaona kwa karibu.

Mzee alisimama njiani.

Nimefanya kazi na yule mzee miaka kadhaa na sikuwahi kumsikia akimwambia kafili hapana. Aliitika kila kitu. Siku ile alisimama katikati ya njia, kanzu ya hitima imechafuka magotini, akasema kwa Kiarabu, "La, arbabu," yaani hapana, bwana.

Binamu alicheka akidhani ni mzaha. Kafili hakucheka.

"Wamelala," mzee aliendelea, pole pole. "Mmoja ana mimba na leo amechoka sana. Pale ni chumbani kwao. Mtu akiingia leo, hawatarudi tena, na mimi sitakuwa na la kukuambia."

Upepo ulipita. Mgeni mmoja alifunika mdomo kwa ncha ya ghutra yake ya kichwani. Kafili alimtazama mzee, akatazama kilima, na sikuweza kusoma chochote usoni mwake. Kisha akageuka, akawaambia wageni chumbani kwa mtu hakuingiwi, akawarudisha barazani. Viti vikageuzwa vielekee kilimani. Chai ikamiminwa.

Baadaye kidogo alituita sote watatu. Alikuwa ameshika darubini ndogo.

"Juzi palikuwa na neti nyeusi pale," alisema. "Nani ameamua kuitoa?"

Askari aliinamisha kichwa. Neti ile ilikuwa mali ya shamba, nguzo zile pia, na hakuna aliyekuwa ameomba ruhusa ya kuzing'oa. Na juu ya yote kulikuwa na swali la pili, ambalo halijaulizwa bado, la zizi na mchana ule.

"Mimi nilimwagiza," alisema mzee. "Nilimwambia atoe, akatoa. Hata aliniuliza kama ni zote."

Kafili aliirudisha darubini machoni. "Umefanya vizuri," alisema. "Ilikuwa mbaya."

Lori liliondoka tupu, lakini binamu aliahidiwa dume moja, kwa sababu aliliomba na kafili hakutaka kumkatalia mbele ya watu. Walimkamata siku mbili baadaye kwa utulivu, kwa msaada wa daktari wa mifugo. Wanne wakabaki, na mzee akabaki. Neti zile ziko nyuma ya kibanda mpaka leo. Mzee hakubali zitupwe, na ukimuuliza za nini, anasema za kivuli cha miche.

Jioni ile ya Ijumaa, baada ya wageni kuondoka na kabla wanyama hawajarudishwa zizini, tulikaa watatu kwenye benchi la getini. Askari alikuwa amenunua soda, akampa mzee ya kwanza. Mzee aliipokea bila kumtazama.

"Kesho naondoka alfajiri, nina miadi ya jino mjini," alisema mwishowe. "Wewe ndiye utakayetoa paa."

Askari alikuwa na uso wa mtu anayepima kama hasira ya mwenzake imeshapoa.

"Paa ya mabati ama paa ya miguu?"

"Wa miguu," alisema mzee. "Sema wa."

"Wa miguu."

"Enhe."

"Zote?"

Mzee alikunywa soda yake mpaka nusu, akaiweka chini. Kilimani giza lilikuwa linaingia, na kwenye malalo ya pili bado ungeweza kuona kitu cheupe kidogo, ubavu wa yule jike, ukipanda na kushuka, sasa taratibu.

"Zote," alisema.